Kiti cha Nyuma ya Dereva

Karatasi ilikuwa juu ya meza ya jikoni, imekandamizwa na chupa ya soya ili isipeperuke. Bi Fusae alidhani ni orodha ya vyakula vya wageni wa Jumapili. Akavaa miwani. Kumbe ni mchoro wa gari, limechorwa kama unalitazama kutoka juu ya paa, na kila kiti kimepewa namba kwa wino mwekundu.

Namba moja, nyuma ya dereva: Bwana Kusunoki kutoka Osaka. Namba mbili, nyuma upande wa pili: Mkurugenzi. Namba tatu, katikati: asikae mtu. Namba nne, mbele, kando ya dereva: Mama, na chungu.

Akavua miwani, akaipangusa kwa aproni, akaivaa tena. Maneno hayakubadilika.

Na chungu! Kama mtu anayekumbushwa asisahau sufuria kwa jirani. Chungu chenyewe kilikuwa chumba cha pili, mbele ya madhabahu ya nyumbani, kimefungwa kwa kitambaa cheupe, na ndani yake mlikuwa na mifupa ya mumewe, Seitaro Ochi, ile iliyobaki baada ya mwili kuchomwa, ambayo yeye na mwanawe waliiokota kwa vijiti kuanzia miguuni hadi kichwani. Jumapili siku arobaini na tisa zingetimia. Mifupa ingepelekwa hekaluni kule kilimani, iwekwe kaburini, na baada ya hapo Seitaro asingepanda gari tena.

Sasa hiyo safari ya mwisho ndiyo apewe namba nne? Hakuna mtu mjini Imabari asiyejua namba nne ni ya nani. Ni ya yule anayebeba mkoba wa bosi, anayeshuka kuuliza njia, anayeshika mwavuli. Seitaro alikuwa namba moja katika gari lile kwa miaka kumi na saba. Kiti cha nyuma ya dereva kilikuwa kimeshabonyea kwa umbo lake, upande wa kushoto zaidi, kwa sababu nyonga yake ya kulia ilikuwa ikimuuma.

Bi Fusae aliirudisha karatasi chini ya chupa. Akamenya viazi vikuu vyote vilivyokuwamo kapuni, hata vile vya kesho.

Gari lile alilikumbuka lilivyoingia. Saluni kubwa, nyeusi, ndefu kama boti, zile za mabosi wanaokaa nyuma wakisoma gazeti. Muuzaji alikuja nyumbani na vitabu vya picha, akakaa kwenye mkeka, akahesabu kwa vidole mambo ya kutegemea kwenye gari la namna hiyo. Tegemeeni kimya, alisema, hata kijiko kikianguka barabarani hamtakisikia. Tegemeeni viti vya sufu, kwa maana ngozi hulia mtu akijigeuza. Tegemeeni mlango unaojivuta wenyewe ukiusogeza kwa vidole viwili.

"Kimya cha nini?" Bi Fusae alimuuliza mumewe muuzaji alipoondoka. "Wewe husikii hata radi. Mashine zilishakula masikio yako."

"Nani kataja masikio?" Seitaro alisema. "Miaka arobaini sakafu ya kiwanda inanitetemesha makalio. Nataka nikae mahali pasipotetemeka. Hilo tu ndilo ninalotegemea."

Wiki iliyofuata alirudi na kadi ya gari, akampa mkewe. Mwenye gari: Fusae Ochi. Bi Fusae alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye alikuwa na kigari chake cheupe cha kupeleka taulo, cha gia za mkono, alichokiendesha miaka thelathini kutoka kiwandani hadi bandarini, mvua na jua, akiwa na mwanawe Norikazu mgongoni mpaka mtoto alipoanza shule.

"Mimi nilifanyie nini dude hili?"

"Kiwanda ni cha Nori," Seitaro alisema. "Hili ni lako. Mimi naomba lifti tu, huko nyuma."

Bi Fusae akaitia kadi katika droo ya sindano. Tangu siku hiyo kazi yake katika gari lile ilikuwa moja: vitambaa vya viti. Alivifuma mwenyewe, vyeupe, vya lesi, vya kufunika nusu ya juu ya kila kiti. Kila Jumamosi alivivua, akavifua, akavitia wanga, akavipiga pasi, akavirudisha.

Na ndivyo alivyokuwa akifanya Jumamosi hii pia, asubuhi, amevikusanya kwapani pale gereji, Bwana Yano alipokuja na ndoo.

Isao Yano alikuwa dereva wa Seitaro tangu siku gari lilipoingia. Mtu mwembamba, wa miaka sitini na tisa, glavu nyeupe mkononi hata akiwa anakula. Katika wiki zake za kwanza Seitaro alimwekea kikombe cha chai juu ya dashibodi ya gari, kimejaa pomoni, akamwambia aende hadi darajani na kurudi. Siku ya kwanza alirudi na kikombe kitupu na suruali iliyolowa. Mwezi wa pili chai ilirudi yote.

"Mama, leo niachie nivirudishe mimi," Yano alisema. "Ni mara ya mwisho. Nataka nivipange vizuri."

"Mara ya mwisho kwa nini? Unakwenda wapi?"

Yano akatazama ndoo. "Nilidhani Mkurugenzi amekwambia."

"Mimi huambiwa kwa karatasi, chini ya chupa ya soya. Hili halikuandikwa. Sema."

"Baada ya kesho gari linauzwa. Linakuja la umeme, ataendesha mwenyewe. Mimi nipumzike. Amenishukuru, Mama. Amenipa taulo."

"Amekupa nini?"

"Seti ya taulo. Zile nzuri, za kwenye boksi."

Bi Fusae alikaa juu ya tairi la akiba. Taulo! Mtu aliyeishi ndani ya kiwanda cha taulo miaka kumi na saba, anayepanguzia gari taulo, ambaye mkewe amefungasha taulo mpaka vidole vikapinda, anaagwa kwa taulo!

Hakungoja wakati mzuri. Alimkuta mwanawe ofisini, ghorofa ya pili, anajaribu tai nyeusi mbele ya kioo cha dirisha. Norikazu alikuwa na miaka arobaini na nane na alikuwa mkurugenzi kwa siku arobaini na nane, na siku hizo zilikuwa zimemkausha shingo. Juu ya meza yake kilikuwapo kile kitabu wanachopewa wafanyakazi wapya, cha namna ya kuinama, kupokea kadi, na kukaa katika chumba, lifti na gari.

"Nori, baba yako anakaa wapi kesho?"

"Mama, nimekuandikia."

"Nimesoma. Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Norikazu akashusha pumzi. "Bwana Kusunoki ndiye anayenunua nusu ya taulo zetu. Anatoka Osaka kwa ajili ya baba. Nimweke wapi, kwenye basi la jamaa, na shangazi? Mgeni mkubwa anakaa nyuma ya dereva. Sikutunga mimi, ndiyo kanuni. Mimi mwenyeji nakaa kando yake. Wewe mbele. Kiti cha mbele kipana, miguu yako itapumua."

"Miguu yangu haijalalamika. Nakuuliza baba yako."

"Utampakata."

"Mahali pa mbeba mkoba."

"Mama, usianze. Unafikiri mimi napenda? Bwana Kusunoki akiona tumeteleza kidogo tu, atasema mzee amekufa na adabu ya nyumba imekufa naye. Na wewe huko kiwandani hujui watu wanavyotazama mambo haya."

"Sijui?" Sauti ya Bi Fusae ilipanda, na msichana wa simu chumba cha pili akaacha kupiga chapa. "Nimepakia taulo za Kusunoki tangu yeye mwenyewe akiwa karani mwenye chunusi! Nimemlisha wali na samaki jikoni kwangu! Leo unanifundisha anavyotazama?"

"Basi Mama, punguza sauti."

"Na Yano? Umempa taulo!"

"Zile ni za daraja la kwanza!"

"Nori!"

Norikazu akavua tai, akaitupa mezani. Hapo ndipo aliposema lile neno. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kwa uchovu, na labda ndiyo maana liliuma zaidi.

"Mama, baba hayupo. Kilichomo mle ni chungu. Kiti ni kiti."

Bi Fusae akanyoosha mkono, akachukua kile kitabu mezani, akakitia kwapani pamoja na vitambaa vyake vya lesi.

"Unakwenda nacho wapi?"

"Kujifunza adabu," alisema, akashuka ngazi.

Alisoma akipiga pasi. Kusoma kwake kulikuwa kwa polepole, kidole chini ya kila mstari, kwa kuwa shule aliiacha mapema akaingia kwenye mashine. Akasoma namna ya kuinama nyuzi kumi na tano na nyuzi thelathini. Akasoma namna ya kukaa kwenye treni. Akafika kwenye gari, na mchoro ulikuwa uleule alionakili Norikazu, namba zilezile. Lakini chini ya ule mchoro palikuwa na mwingine, mdogo, ambao Norikazu hakuunakili, pengine kwa sababu hakuna aliyedhani utahitajika. Gari lilelile, namba zimehama. Maneno yake yalikuwa mistari miwili: mwenye gari akiendesha mwenyewe, kiti kilicho kando yake ndicho namba moja.

Akasoma mara tatu. Pasi ikaacha alama ya manjano kwenye kitambaa cha kiti cha mbele.

Akaenda kwenye droo ya sindano.

"Bwana Yano," alimwambia dereva baada ya chakula cha mchana, "nifundishe dude hili."

"Dude gani, Mama?"

"Hili jeusi. Leseni ninayo, haijaisha. Macho walinipima mwezi wa tatu."

Wakaenda uwanja wa nyuma wa kiwanda, pale malori yanapogeuzia. Bi Fusae akapanda mbele, akasogeza kiti mpaka kifua kikakaribia usukani, akabonyeza pa kuwashia. Akangoja.

"Haliwaki."

"Limewaka, Mama."

"Mbona halikohoi?"

"Halina kawaida ya kukohoa."

Hakuamini. Akabonyeza tena, likazimika. Akabonyeza tena. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukitafuta klachi isiyokuwepo, na ulipokosa klachi ukapata breki, na Yano, aliyekuwa amesimama nje kwenye dirisha kwa kuwa hakuthubutu kuketi, akaruka nyuma kwa uwepesi wa kijana.

"Ingia ndani, wewe! Utakanyagwa!"

"Niingie wapi, Mama?"

"Hapa kando yangu. Wapi kwingine?"

"Mimi sijawahi kukaa hapo."

"Basi kaa juu ya boneti!"

Akaingia, mgongo wima, magoti yamebanana kama mtu aliyeitwa na daktari. Wakazunguka uwanja mara ishirini. Kikombe cha chai alikileta Bi Fusae mwenyewe. Mzunguko wa kwanza kilimwagika chote. Wa ishirini kilibaki nusu.

"Nusu inatosha," alisema. "Mzee alikuwa anapenda kuacha kidogo."

Jumapili mbingu ilikuwa safi. Basi dogo la jamaa liliondoka kwanza, na shangazi wote na maua. Bwana Kusunoki alifika kwa teksi kutoka stesheni. Alikuwa mtu mnene, mwenye nywele nyeupe, anayetembea polepole. Norikazu aliinama nyuzi thelathini, kisha zaidi. Mkononi alikuwa ameshika kibao cheusi chenye jina jipya ambalo hekalu lilimpa marehemu. Mlango wa nyuma, ule wa nyuma ya dereva, alikuwa ameshaufungua. Vitambaa vya lesi viling'aa ndani.

"Karibu, Bwana Kusunoki. Hapa, tafadhali, hapa."

Ndipo mlango wa nyumba ukavutwa. Bi Fusae akatoka na kimono yake nyeusi ya msiba yenye alama tano za ukoo. Lakini mikono ya kimono alikuwa ameifunga kwa kamba iliyopita mabegani na kukatiza mgongoni, kama mwanamke anayekwenda kuosha mchele, na chini, badala ya kandambili za kimono, alivaa viatu vya mpira vya kiwandani. Nyuma yake alikuja Yano, amekumbatia chungu.

Bi Fusae aliinama kwa mgeni, akazunguka gari, akafungua mlango wa dereva, akaketi.

"Mama," Norikazu alisema kwa sauti ya chini, huku bado akimtabasamia mgeni. "Mama, unafanya nini?"

"Naendesha gari langu."

"Gari la kiwanda hilo. Shuka, nakuomba. Watu wanatazama."

Bi Fusae akatoa kadi kifuani mwa kimono, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama kitabu kinavyofundisha. Norikazu akaisoma. Wekundu ulimwanzia shingoni, ukapanda usoni.

"Sasa nisomee," Bi Fusae alisema. "Una kitabu kichwani. Mwenye gari akiendesha mwenyewe, namba moja ni wapi?"

Mbwa wa jirani akabweka.

"Ni mbele," Bwana Kusunoki alisema. "Kando yake."

"Basi... basi karibu mbele, Bwana Kusunoki," Norikazu alisema haraka, akakimbilia mlango wa pili. "Samahani sana. Karibu mbele."

Bwana Kusunoki hakusogea. Alimtazama Yano, kisha kile kitambaa cheupe alichokumbatia. "Mkurugenzi," alisema, "mimi nikae kwenye kiti hicho, na Ochi akae wapi?"

Norikazu akauachia mlango.

"Bwana Yano," Bi Fusae aliita. "Ingia. Mshike Mzee vizuri."

"Mama, mimi hapana. Nitakimbia nyuma ya gari. Nitapanda teksi. Mpe Mkurugenzi amshike..."

"Mkurugenzi amesema kiti ni kiti. Kwa hiyo hakuna cha kuogopa. Ingia, tunachelewa!"

Yano akaingia. Bi Fusae akamvutia mkanda mwenyewe, ukapita juu yake na juu ya chungu. Glavu zake nyeupe zililala juu ya kitambaa cheupe, usijue kipi ni kipi. Bwana Kusunoki akaketi nyuma ya dereva, ambapo sasa palikuwa namba mbili, akajigeuzageuza kwa sababu kiti kilikuwa kimebonyea mahali pasipo pake. Norikazu akaingia upande wa pili na kibao chake.

Wakaondoka.

Lilikuwa gari zuri, hilo hakuna wa kulikana. Barabara ya pwani ilipita dirishani bila sauti. Walipofika kona ya kwanza ya kupandia kilimani, Bi Fusae akakata usukani kidogo zaidi ya ilivyotakiwa, na ndani ya kile kimya walichouziwa wakasikia wote wanne: kitu kidogo kimegonga ukuta wa chungu. Tak. Kisha kingine. Kama mtu anayejigeuza aisogeze nyonga inayouma.

Kwenye kigari cha taulo wasingesikia. Hata kwenye basi wasingesikia.

"Mama," Norikazu alisema kutoka nyuma. "Mama, polepole. Baba..."

"Baba gani?" Bi Fusae alisema, macho barabarani. "Nilidhani ni chungu."

Hakumhurumia. Alikuwa na hasira bado, na aliona hakuna sababu ya kuificha kwa kuwa tu mtu mzima analia kwenye kiti cha nyuma. Lakini mguu wake ulilegea. Kona ya pili aliichukua kama Yano alivyomwonyesha, akianza kugeuza kabla ya kona yenyewe, na chungu kikanyamaza. Yano aliinamisha kichwa juu yake, akitoa maelekezo kwa mnong'ono usio wa kumwelekeza mtu yeyote: sasa kushoto, Mzee, sasa tunapanda, sasa tumefika kwenye mnara.

Kwenye uwanja wa hekalu alisimamisha gari bila kumwaga chai, kama chai ingekuwapo. Yano, kwa mazoea, akaushika mlango atoke kwenda kuwafungulia wengine.

"Kaa," Bi Fusae alisema. "Namba moja hajifungulii." Akatazama kioo cha juu. "Nori. Mlango."

Norikazu alimwachia Bwana Kusunoki kibao. Akashuka, akazunguka mbele ya gari mbele ya shangazi wote na mkuu wa hekalu, akafungua mlango kwa mikono miwili, akainama. Hakuna aliyepima nyuzi. Alibaki hivyo mpaka Yano akatoka na mzigo wake, na bado alikuwa hajainuka.

Bi Fusae alikuwa anafungua kamba ya mabegani, mikono ya kimono ikashuka. Akabadilisha viatu. Vile vya mpira akavitupa nyuma, kwenye sufu.

"Bwana Yano," alisema wakipanda ngazi za hekalu, "kesho saa mbili asubuhi nipeleke sokoni. Gari haliuzwi, mwenyewe sijasema linauzwa. Na ile seti ya taulo umrudishie aliyekupa."

"Ndiyo, Mama. Nikufungulie mlango wa nyuma?"

"Wa mbele. Kitambaa chake kina alama ya pasi, nitakiegemea niizibe."